Shajara ya mradi wa kamusi: kitomeo cha “precipitate”, kutoka kichwa mbele hadi kichwakichwa

Fungu linaloshughulikiwa: maneno ya Kiingereza ya kutenda bila kufikiri (rash, reckless, hasty, headlong, precipitate). Kamusi ni ya Kiingereza–Kiswahili, kwa wanafunzi wa sekondari na wafasiri. Vitomeo vingi vya fungu hili, yaani maneno yanayoorodheshwa pamoja na maelezo yake, vimekwenda upesi. Kilichokula nafasi ni “precipitate”, kwa sababu neno moja linaingia maabara ya kemia, utabiri wa hali ya hewa, wodi ya wazazi na hotuba za wanasiasa, na kila mahali linafasiriwa kivyake kana kwamba ni maneno manne.

Tatizo la kuanzia

Kisawe kilichozoeleka cha kivumishi hiki ni “-a haraka” au “-a ghafla”. Vyote viwili vinasema kasi, wala havisemi kosa. Daktari anayemkimbiza mgonjwa chumba cha upasuaji anatenda haraka, na hakuna Mwingereza atakayesema kitendo chake ni precipitate. Neno hilo lina lawama ndani yake: aliyetenda hivyo alipaswa kusimama kidogo, na hakusimama.

Methali nazo zinatuvuta upande huo. “Haraka haraka haina baraka” imetufanya tuione haraka yenyewe kuwa kosa, basi mfasiri akikutana na neno la lawama linalohusu kasi mkono unakwenda kwenye haraka kabla hajapima. Lakini barua ya ofisini ikisema “tunaomba majibu ya haraka” hakuna anayetukanwa. Kwa asili, haraka ni Kiarabu, na huko maana yake ni mwendo tu, kutikisika kwa kitu kutoka mahali pake.

Ghafla ina kisa kizuri zaidi, na wasomaji walioko Omani na Ghuba watakiona mara moja. Katika Kiarabu ghafla ni kutojali, kutokuwa macho. Kiswahili kimeipeleka kwenye wakati: jambo la ghafla ni lile linalokukuta hukujiandaa. Maana ya zamani bado ipo kwenye “kughafilika”. Kwa hiyo anayeandika “uamuzi wa ghafla” anadhani amesema uamuzi usiofikiriwa, kumbe msomaji wa leo anaelewa uamuzi uliotangazwa bila taarifa. Uamuzi unaweza kutangazwa ghafla baada ya miezi sita ya vikao.

Asili (imefungwa)

Kilatini praeceps ni vipande viwili: prae, “mbele”, na caput, “kichwa”. Aliye praeceps ametanguliza kichwa: anaporomoka, kichwa chini na miguu juu. Kutoka hapo kikapatikana kitenzi praecipitare, kumtupa mtu au kitu kichwa mbele, na nomino praecipitium, genge la kuangukia, ambayo kupitia Kifaransa imezaa “precipice”. Silabi -tium imegeuka -ce, vilevile iustitia ilivyozaa “justice”. Waroma hawakuwa wanasema kwa mafumbo tu. Pale Roma ulikuwepo mwamba wa Tarpeia, na wasaliti walitupwa kutoka juu yake.

Mwandaaji asiyejua Kilatini hukwama kwenye irabu: caput ina a, mbona praeceps ina e na precipitate ina i? Ni kanuni ya kawaida. Irabu a fupi ikiondoka mwanzo wa neno na kuingia katikati, hugeuka e ikiwa silabi imefungwa na konsonanti, na hugeuka i ikiwa silabi iko wazi. Ndiyo maana -ceps kwenye umbo la msingi, na -cipit- kwenye maumbo mengine. Facere imepita njia hiyo hiyo: conficere, halafu confectus.

Mtego wenyewe uko kwenye -ceps. Kuna -ceps ya caput, kama biceps, msuli wa mkono wenye vichwa viwili. Na kuna -ceps ya capere, “kushika, kutwaa”, kama princeps, anayetwaa nafasi ya kwanza, ambayo imezaa “prince” na “principal”. Kwa macho hazitofautiki. Kipimo ni umbo la umilikishi: biceps hutoa bicipitis, praeceps hutoa praecipitis, zote zikibeba -cipit- ya kichwa; princeps hutoa principis, bila t. Ukiona -cipit-, tafuta kichwa. Madaktari wanacho kichwa hicho hicho kwenye “occiput”, yaani kisogo.

Neno “precept”, agizo au fundisho, halimo katika ukoo huu ingawa linafanana. Limetoka praecipere, prae pamoja na capere. Kwenye rejea-msalaba za kitomeo chetu haliingii.

Njia ya maana

Kilatini chenyewe tayari kilikuwa na maana tatu: mahali penye mteremko mkali, kitu kinachoanguka kichwa mbele, na mtu asiyejizuia. Waingereza hawakubuni maana ya tatu, walipokea zote. Kitenzi kiliingia Kiingereza katika karne ya 16 kikiwa na maana ya kutupa chini kutoka juu. Kivumishi chenye maana ya kutenda bila kufikiri kikafuata mwanzoni mwa karne ya 17.

Wanakemia wa zamani walichukua picha ya kuanguka: kitu kilichokuwa kimeyeyuka kinatupwa chini na kuwa kigumu. Karne ya 17 mvua nayo ikaitwa hivyo, kwa kuwa ni maji yaliyokuwa hewani na sasa yanadondoka. Na tukio likisukumwa litokee kabla ya wakati wake, limetupwa chini nalo. Ukiishika picha moja, kitu kilichoachiwa kutoka juu, maana zote zinajipanga zenyewe. Ukianza na “haraka”, utabaki unajiuliza mashapo yana haraka gani chini ya bomba la kioo.

Ushahidi wa Biblia: kichwa kinapopotelea njiani

Matini zilizotafsiriwa mara nyingi ndizo zinazoonyesha vizuri neno linavyosafiri. Luka 4:29, watu wa Nazareti wanampeleka Yesu ukingoni mwa kilima. Kilatini cha Vulgata, tafsiri ya kale ya Biblia, kinatumia praecipitarent. Kiingereza cha 1611 (Biblia ya Mfalme James) kina “cast him down headlong”. Tafsiri ya Muungano ya 1952 inasema “wapate kumtupa chini”. Kitendo kimefika, kichwa hakimo.

Matendo 1:18, kifo cha Yuda: Kiingereza “falling headlong”, Kiswahili “akaanguka kwa kasi”. Hapa kichwa kimebadilishwa kwa kasi, hatua ile ile inayofanywa na anayefasiri precipitate kuwa “-a haraka”. Kwa masimulizi ya kifo hakuna hasara kubwa. Kwa kamusi ipo.

Mfano wa tatu ndio uliotufaa kuliko yote. Katika 2 Timotheo 3:4 kuna orodha ya watu wa siku za mwisho, na Kigiriki kina propeteis, kwa muundo wake “wanaoangukia mbele”, yaani wasiojizuia. Kiingereza cha 1611 kinasema “heady”, na kichwa kinarudi. Kiswahili kinasema “wakaidi”. Mkaidi lakini ni mtu aliyegoma kusogea. Anayezungumziwa na Paulo ni yule ambaye hawezi kusimama. Ni tofauti ya punda na jiwe linaloporomoka.

Headlong, kwa kifupi

Haina “long” ya urefu. Umbo la Kiingereza cha kati lilikuwa na -ling, kiambishi cha kielezi cha kuonyesha jinsi au upande, ambacho bado kipo kwenye “darkling”. Kilipoacha kueleweka, watu wakakisikia kama “long” na kuandika hivyo. “Sidelong” imepatwa na hayo hayo. Kwenye kisanduku cha asili tumeandika: head + -ling, baadaye -long kwa kufananishwa kimakosa. Inatosha.

Visawe: upimaji

Kila kisawe kilipitishwa kwenye sentensi moja, tukiangalia kinaongeza nini na kinapoteza nini. Sentensi: “Mwenyekiti alitangaza matokeo ___ fomu za vituo vyote hazijafika.”

“Haraka” inakaa, ila msikilizaji anaweza kuipokea kama sifa. Imetupwa kwa kivumishi, imebaki kwa kitenzi.

“Kwa pupa” inapotosha. Pupa ina tamaa ndani yake, ni ya mlaji anayeogopa wenzake watammalizia. Ukisema mwenyekiti alitangaza kwa pupa, utaulizwa alikuwa anawania nini.

“Kwa papara” ni nzuri. Lawama ipo, tamaa haipo. Picha yake ni ya mtu anayetapatapa, mikono inatangulia akili. Inafaa maandishi rasmi, na inaeleweka sawasawa Mombasa, Dodoma na Zanzibar. Imepewa nafasi ya kwanza kwa sababu hiyo, ingawa kwa picha si ya karibu kuliko zote.

“Kukurupuka” inatoka kwa mnyama aliyefurushwa kichakani au mtu aliyeshtuliwa usingizini. Inasisitiza mwanzo wa kitendo: jana hakuwa na wazo, leo ametangaza. Kama mtu amelitaka jambo kwa muda mrefu kisha akalivamia kabla halijaiva, kukurupuka hakumfai, lakini precipitate inamfaa. Imepewa nafasi ya tatu.

“Kuparamia” inahitaji yambwa: unaparamia kitu. “Kuparamia mambo” iko karibu sana kwa lawama, lakini huwezi kuunda kivumishi chepesi kutokana nayo. Imewekwa kwenye mifano tu. “Kujitosa” ina picha kamili ya kuruka kutoka juu na kuingia majini, ila haina lawama. Aliyejitosa kwenye siasa anaweza kuwa jasiri. Imeachwa.

Na ipo “kichwakichwa”. “Usiingie kichwakichwa.” “Mkataba ule waliuvamia kichwakichwa.” Hii ndiyo praeceps yenyewe, kiungo kile kile, lawama ile ile, na hakuna aliyeichukua kwa Waroma. Lugha mbili zisizo na undugu zimetazama mtu anayeanguka na kuona kwamba kilichotangulia ni kichwa. Kisarufi ni kielezi. Ukitaka kivumishi unatanguliza -a unganifu: “uamuzi wa kichwakichwa”. Magazeti ya Tanzania huiandika pia kwa maneno mawili. Sisi tumeiunganisha ili isisomwe kama “kichwa” kilichorudiwa kwa bahati mbaya. Kasoro yake ni rejista: ni ya mazungumzo na safu za maoni, haijazoeleka kwenye nyaraka za serikali. Nafasi ya pili, pamoja na alama ya matumizi ya mazungumzo.

Mfano wa kudumu wa Kiingereza tuliouchagua ni “precipitate withdrawal”, kwa kuwa maneno hayo mawili hutembea pamoja. Richard Nixon aliyatumia katika hotuba yake ya 3 Novemba 1969 kuhusu Vietnam, akisema kuondoa majeshi ya Marekani kwa namna hiyo kungekuwa maafa. Kiswahili: “kuondoa majeshi kwa papara”. Kwa hotuba ya rais, kichwakichwa ingeshusha sauti.

Maana zisizo na lawama

Hapa wafasiri huumia, kwa kuwa wakishajua lawama huipeleka kila mahali.

Kitenzi kwa kawaida hakina lawama. “The drought precipitated a famine”: ukame haukukosa busara. Visawe ni kuharakisha, kuchochea, kusababisha kabla ya wakati. Tumeweka sharti kwenye maelezo: kinachosababishwa huwa ni jambo baya au zito, kama mgogoro, vita, kujiuzulu. Hakuna Mwingereza “anaye-precipitate” harusi, labda kwa mzaha.

“Precipitate labour” ni istilahi ya wakunga: uchungu unaoanza na kumalizika kwa mtoto kuzaliwa ndani ya saa 3. Hatari zake ni kuchanika, kutoka damu nyingi, na mtoto kuzaliwa njiani kabla ya kufika kituoni. Mama hakukurupuka. Kisawe: “uchungu wa kasi isiyo ya kawaida”, na maelezo ya saa 3 yanabaki ndani ya fasili, kwa sababu bila hayo “kasi” haina kipimo.

Kemia: “mashapo” ndilo neno la kawaida, lakini linabeba pia “sediment”, na mwanafunzi wa jiografia anajua miamba mashapo. Fasili ndiyo inayotenganisha. Mashapo ya maji ya mto yalikuwa magumu tangu mwanzo, yametulia tu. Precipitate haikuwepo, imezaliwa ndani ya kimiminika wakati wa mmenyuko. Mfano uliowekwa ni wa maabara za sekondari: nitrati ya fedha ikitiwa kwenye maji ya chumvi ya mezani, hutokea mashapo meupe ya kloridi ya fedha, ambayo yakikaa kwenye mwanga huanza kuwa meusi. Mfano wa pili, kwa rangi: salfeti ya kopa pamoja na hidroksidi ya sodiamu hutoa mashapo ya buluu.

Onyo dogo kwa wafasiri wa lebo: “white precipitate” kwenye vitabu vya zamani vya dawa si mashapo meupe yoyote. Ni kiwanja cha zebaki na amonia kilichotiwa kwenye marhamu, na ndicho kilichoingia kwenye krimu za kujichubua ngozi. Likifasiriwa neno kwa neno, msomaji hatajua kuna zebaki.

Mvua: “precipitation” ni nomino isiyohesabika na inajumlisha mvua, theluji na mvua ya mawe. Kwa Afrika Mashariki “mvua” inatosha isipokuwa kwenye maandishi ya kitaalamu.

Kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosomea Kifaransa kuna mtego wa pekee. Kifaransa bado kinatumia précipitation katika umoja kwa maana ya papara, na précipitations katika wingi kwa mvua. Kiingereza cha leo hakitenganishi hivyo; maana ya papara imefifia sana kwenye nomino hiyo. Anayeandika kwa Kiingereza “he answered with precipitation” atasomwa kama aliyejibu huku mvua ikinyesha. Atumie “precipitately”, au “too hastily”.

Precipitate na precipitous

Maneno haya yalichanganyikana tangu zamani, na Waingereza wenyewe wanaendelea kuyachanganya. Utaratibu tuliofuata ni ule wa wahariri makini: precipitous ni ya mteremko, wa mwamba au wa takwimu (“a precipitous fall in prices”, bei kuporomoka), precipitate ni ya kitendo cha mtu. Chini ya precipitous tumeongeza kwamba watu wengi huitumia pia kwa papara. Mtahiniwa wa insha aepuke. Mfasiri akikutana nayo asishangae.

Matamshi

Mkazo uko silabi ya pili kwenye kitenzi, kivumishi na nomino ya precipitate: pri-SI-pi-. Msemaji wa Kiswahili huhamishia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, na neno halitambuliki. Kitenzi kinaishia -teit. Kivumishi kinaishia -tit, irabu ikiwa imefifia. Nomino ya kemia husikika kwa namna zote mbili. Rejea imewekwa kwenye “deliberate”, inayofuata mtindo huo huo na tena ndiyo kinyume chake cha maana. Asili yake inayoelezwa mara nyingi ni libra, mizani.

Kitomeo kilivyo sasa

precipitate (kv) [pri-SI-pi-tit] 1 -a papara; -a kichwakichwa (mazungumzo); -a kukurupuka: *a precipitate decision*, uamuzi wa papara. 2 (tiba) -a kasi isiyo ya kawaida: *precipitate labour*, uchungu unaomalizika ndani ya saa 3.
(kt) [pri-SI-pi-teit] 1 harakisha, chochea (jambo baya au zito). 2 (kemia) fanya mashapo. 3 (zamani) tupa chini kichwa mbele.
(nm) (kemia) mashapo yanayotokana na mmenyuko.
Asili: Kilatini praeceps, praecipitis, prae “mbele” + caput “kichwa”. Taz. precipice, precipitous, headlong. Usichanganye na precept.

Maana ya “zamani” imewekwa mwisho ingawa kihistoria ndiyo ya kwanza. Mwanafunzi anatafuta neno alilokutana nalo leo. Mwenye hamu ya historia atashuka hadi chini.

Kinachoendelea: rash

Inahitaji vitomeo viwili, rash1 na rash2. Kivumishi ni cha ukoo wa lugha za Kijerumaniki, ndugu wa rasch ya Kijerumani cha leo, ambayo ina maana ya wepesi bila lawama yoyote. Nomino ya upele imeingia baadaye sana, na asili yake inayotajwa ni Kifaransa cha kale na Kilatini radere, “kukwangua”. Zimekutana kwa sauti tu.

Kiswahili kina “harara”: vipele vya joto, na pia wepesi wa kupandwa na hasira na kutenda kabla ya kufikiri. Neno moja linafasiri homonimu mbili za Kiingereza, ila kwetu si bahati, kwani zote zimetoka kwenye Kiarabu cha “joto”. Hivyo upande wa Kiswahili–Kiingereza harara inabaki kitomeo kimoja chenye maana mbili, na upande wa pili rash inagawanywa. Mfanyakazi wa programu ya kamusi asiziunganishe kwa rejea ya moja kwa moja. Mfumo utazigeuza rash1 na rash2 kuwa visawe vya kila mmoja.

Bado wazi: kisawe cha kisheria. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 243 cha Kenya vina maneno “so rash or negligent as to endanger human life”. Negligent ni uzembe, hapo hakuna ubishi. Kwa rash, “papara” ni nyepesi mno kwa dereva aliyelipita lori kwenye kona, na “harara” itamfanya msomaji aulize dereva alikasirikia nini. Mapendekezo yaliyoko mezani ni “kutojali hatari” na “kuhatarisha kwa makusudi”. La pili lina udhaifu unaoonekana, kwa kuwa kifungu hakidai makusudi. Litapimwa pamoja na reckless.